Vibao Vinne Mbele ya Mzee Ogada

Nianze na gharama, maana mama yangu aliuza mitumba soko la Kibuye na kwetu habari isiyo na bei ni porojo. Mambo ninayotaka kuwasimulia yaligharimu vyungu viwili vya sabuni iliyoganda mpaka ikakatwa kwa shoka, nyusi moja ya Kamau, kipande cha bati la alumini kama ukubwa wa sinia, na asubuhi nzima ya kubishana na meneja. Nimehesabu mara mbili. Ni rahisi mno. Bei ya kwanza tuliyotajiwa ilikuwa boila nzima, watu waliokuwa karibu nayo, na kazi ya Mzee Ogada. Tuliishusha kwa mdomo, kama koti.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii ya vipimo na mitambo ya kujiongoza, mtazoea jambo moja mapema: hakuna anayejua mnafanya nini. Mimi nimestaafu, na mpaka leo nikiulizwa nilikuwa nafanya nini kiwandani nasema nilikuwa nahakikisha geji zinasema ukweli. Jirani yangu hapa Katito aliposikia hivyo akaniletea mizani yake ya kujipimia kilo. Alitaka niifundishe adabu. Nikaipima, nikamrudishia, nikamwambia mizani ni nzima. Hatujasalimiana vizuri tangu siku hiyo.

Mama alikuwa akifungua furushi la nguo, anahesabu kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, halafu anahesabu tena kutoka ya mwisho mpaka ya kwanza. Nilidhani ni ubahili. Nilipoajiriwa, jambo la kwanza nililofundishwa lilikuwa hilo hilo: pandisha kipimo hatua kwa hatua ukiandika, kisha ukishushe hatua kwa hatua ukiandika tena. Kuna geji zinazosema kweli zikipanda na kudanganya zikishuka, kama mteja anayekubali bei akiwa ameketi, akisimama anaikana.

La pili nililofundishwa lilinifurahisha hata nikalicheka peke yangu njiani. Sufuri yetu si sufuri. Waya unaoleta habari kutoka kwenye tangi hutuma umeme kidogo sana: tangi likijaa, miliampea ishirini, tangi likiwa tupu, nne. Kwa nini nne? Kwa sababu waya ukituma sufuri kabisa, ujue umekatika. Tangi tupu na waya uliokatika ni vitu viwili. Kuna mtu anayekujibu "sina", na kuna mtu asiyeshika simu. Wa kwanza unaweza kufanya naye biashara.

Na la tatu nililipata Kibuye, si kiwandani. Tulihitaji geji ya haraka, nikaenda kwa mzee mmoja muuza vyuma chakavu, mtu wa kutoka Murang'a aliyeishi Kisumu mpaka akawa anakula samaki ngege na mifupa yake. Akanitolea geji kubwa ya shaba, nzuri kuliko zetu zote.

"Hii ilikuwa kwa meli," akasema.

"Ndiyo maana imezama bei?"

"Haijazama, mama. Angalia hiyo kioo."

Nilikuwa nimebeba pampu ya baiskeli. Nikaiunganisha, nikapiga. Mshale ukapanda mpaka katikati, ukasimama. Nikaachia upepo wote. Mshale ukabaki pale pale katikati.

"Mzee, haishuki."

"Hiyo ndiyo uthabiti," akasema bila kupepesa macho. "Zingine zinatetemeka tetemeka."

Nilimpa heshima zake na nikamwachia geji yake. Mshale ulio hai hutetemeka. Ukiona kipimo kimetulia kabisa, hakijaokoka, kimekufa.

Sasa boila.

Kiwanda chetu kilikuwa cha sabuni, kando ya ziwa, upande ambao upepo wa asubuhi ulileta harufu ya samaki na upepo wa jioni ukawarudishia wavuvi harufu ya mafuta ya mawese. Vyungu vya sabuni vilichemshwa kwa mvuke, na mvuke ulitoka kwa boila, na boila ilikuwa ya Mzee Ogada. Nasema ilikuwa yake ingawa mwenye kiwanda alidhani ni yake. Ogada alikuwa na cheti cha kazi hiyo, kofia ya sufu asiyoivua hata jua likiwa kichwani, na benchi aliloliweka mbele ya kioo cha maji. Kioo hicho ni bomba jembamba lililosimama ubavuni mwa boila. Ukikitazama unaona maji ya ndani yamefika wapi. Ogada alikitazama kama unavyotazama maziwa yaliyo jikoni. Maji yakishuka, anafungua pampu. Yakipanda, anafunga. Siku zote hizo hatukuwahi kusikia boila ikilalamika.

Kisha wakubwa wakaamua tuwe wa kisasa. Kikajengwa chumba cha kuongozea mitambo, chenye kioo kikubwa na kiti cha kuzunguka, ng'ambo ya uwanja kutoka kwenye boila. Kwenye paneli wakaweka visanduku vinne vyenye tarakimu nyekundu, vyote vinahesabu kwa asilimia, kuanzia sufuri mpaka mia. Chini ya kila kimoja kikapigiliwa kibao chenye herufi mbili: PI, LI, TI, FI. Fundi wa kampuni iliyouza paneli akaja, akaeleza kwa Kiingereza alasiri nzima, akapiga picha, akaenda zake. Mtambo wa kulisha maji wenyewe bila mtu ulikuwa bado ndani ya sanduku, unasubiri kipuri. Kwa hiyo Ogada alipewa kitufe cha kuzungusha: kulia maji yanaingia, kushoto yanafungwa.

Mimi, Kamau fundi mwenzangu, na Ogada tulifurahi kama watoto wa sikukuu. Kamau alizunguka kwenye kile kiti mpaka akaona kizunguzungu.

Majuma ya kwanza, hakuna tatizo. Halafu boila ikaanza kuzimika.

Lazima niwaeleze mlinzi wa boila, maana ndiye aliyekaribia kuuawa katika habari hii. Ndani ya boila kuna swichi inayokata moto maji yakishuka kupita kiasi. Sisi tulimwita askari. Boila ikikauka huku moto unawaka, vyuma vinakuwa vyekundu, na siku hiyo mtu akifungulia maji ya baridi, hamna boila tena, na ukuta wa upande wa pili hamna. Upande wa pili wa ukuta wetu walikuwa akina mama wanaokata na kupakia sabuni.

Askari akawa anakata moto. Mara moja kwa wiki, halafu kila siku, halafu asubuhi na alasiri. Kila akikata, mvuke unaisha, sabuni inaganda vyunguni, tunawasha upya. Safari moja tulipowasha, boila ikakohoa moto mlangoni, na Kamau alikuwa amechungulia.

"Ngai! Nimebaki?" akapiga kelele.

"Umebaki. Nyusi moja ndiyo imeenda."

"Gani?"

"Ya kushoto."

Akapapasa. "Afadhali. Ya kulia ndiyo mke wangu anapenda."

Siku ya pili vyungu viwili viliganda kabisa, na shoka likatafutwa. Saa nne asubuhi meneja akashuka kutoka ofisini. Alikuwa Mjaluo mwenzetu, amesoma vizuri, si mtu mbaya, ila lori la mteja lilikuwa getini na dereva wake anapiga honi kwa makusudi.

"Fundi," akaniambia, "kipimo chako cha maji kinadanganya."

"Nimekipima, Bwana Meneja. Nimekipandisha, nimekishusha."

"Pima tena."

"Hiyo ya tena nimeshafanya."

Akatazama vyungu, akatazama geti. "Basi huyo askari ndiye mbovu. Weka waya, mpite. Tupakie hili lori."

Kuweka waya maana yake ni kumfumba askari macho: swichi ipo, lakini umeme unapita kando yake, na moto haukatiki hata boila ikauke kama kikaango. Ni kazi ya bisibisi na dakika chache. Ni kazi iliyozika watu.

"Siweki," nikasema. "Askari ni mzima."

"Kipimo kizima, askari mzima. Basi ni Ogada. Ni chombo au ni mtu, chagua. Kama ni mtu, leo anaenda nyumbani, na nitaleta mwenye macho."

Ogada alikuwa amesimama mlangoni, kofia yake kichwani. Alisikia. Akajifanya anatazama ziwa.

Hapo nikakumbuka kwamba mtu mwenye haraka ndiye anayenunua kwa bei mbaya, na mwenye haraka hakuwa mimi.

"Nipe mpaka kesho," nikasema.

"Kesho? Uko na akili? Saa tano."

"Saa kumi jioni."

"Lori lenyewe litaondoka saa nane!"

"Basi saa nane."

"Saa sita."

"Saa saba, Bwana Meneja, na nisipokuwa na jibu nitakushikia hiyo bisibisi."

Akanitazama, akatazama saa. "Saa saba."

Nilikuwa nahitaji saa sita. Ukitaka mchana, omba kesho. Andikeni hilo.

Tukawasha boila, nikaingia chumbani, nikakaa nyuma ya Ogada kwenye ndoo iliyopinduliwa. Sikumuuliza kitu. Kijana, ukitafuta kosa usimuulize mtu amekosea wapi; atakupa jibu la mtu anayeulizwa. Mwache afanye kazi, utazame mikono. Mdomo una aibu, mikono haina.

Mvuke ukajengeka. Tarakimu ya kwanza, ile ya PI, ikaanza kupanda: arobaini, hamsini na tano, sabini. Ogada anaitazama kwa makini, jasho linamtoka chini ya kofia. Ilipofika themanini akatikisa kichwa kwa kuridhika, akazungusha kitufe kushoto. Akafunga maji.

Nikatazama kisanduku cha pili, LI. Thelathini na tano. Thelathini na mbili. Ishirini na nane.

"Mzee," nikasema polepole, "mbona umefunga maji?"

"Si imejaa?"

"Imejaa wapi?"

"Hapa." Akagonga kioo cha PI kwa kucha. "Themanini. Unataka imwagike?"

"Hiyo ndiyo maji?"

Akageuka na kile kiti cha kuzunguka, akaniangalia kwa huruma. "Nyar Katito, binti wa Katito, mjini wamekusahaulisha Kijaluo? Si wameandika *pi*? Pi!"

Yawa. Nywele zilinisimama. Kwa wasiojua lugha yetu: pi ni maji. Mtoto wa Mjaluo hulijua neno hilo kabla ya kujua jina lake. Lakini yule fundi wa paneli hakuandika Kijaluo. P yake ilikuwa ya neno la Kiingereza la nguvu ya mvuke, jinsi unavyosukuma kuta za boila. L ilikuwa kimo cha maji, T ilikuwa joto, F ilikuwa kasi ya maji yanayopita kwenye bomba la pampu, na I ya mwishoni inasema tu kwamba hapa ndipo panapoonyeshwa. Mzee Ogada hakuwa kipofu wala mlevi. Alikuwa anasoma.

"Na hii LI?" nikauliza, nikiitazama ikifika ishirini na nne.

"Hiyo ni ya stima. Lait. Si unaona inapanda ikishuka? Stima ya hapa unaijua."

"Mzee, fungua maji."

"Lakini iko themani..."

"Fungua sasa! Kidogo kidogo. Utaniuliza baadaye!"

Alifungua. LI ikasimama kwenye ishirini na moja, ikatetemeka, ikafikiri, ikaanza kupanda. Askari hakukata. Nikajikuta nimesimama, nimemshika mzee mabega, nacheka kama mwehu. Kila kitu kilijipanga kichwani mwangu mara moja. Mvuke ukizidi, Ogada anadhani maji yamejaa, anafunga, maji yanakauka, askari anakata. Mvuke ukipungua, anadhani maji yamepungua, anamwaga maji baridi, mvuke unapungua zaidi, anazidi kumwaga. Alikuwa analisha boila kinyumenyume kwa uaminifu mkubwa.

"Na yale majuma ya kwanza?" nikamuuliza. "Mbona hukukosea?"

"Nilikuwa natoka kuangalia kioo changu. Halafu mvua ikaanza. Hapo uwanjani hakuna paa, na mimi na kifua hiki..." Akatazama vibao vyote vinne, kimoja kimoja, na nikaona jinsi vinavyobadilika mbele ya macho yake. Akavua kofia. Sikuwahi kuona kichwa chake kabla ya siku hiyo.

"Basi ni mimi," akasema. "Ataniambia niende. Miaka yote hii, nyathina, mwanangu, halafu herufi mbili."

"Ngoja kwanza. Maji iko ngapi?"

Akaangalia LI, kwa shida, kama mtu anayesalimiana na mkwe. "Arobaini."

"Ibaki hapo hapo. Usimwambie mtu kitu mpaka nirudi."

Nilivuka uwanja nikitafakari. Nikimwambia meneja Ogada alisoma vibaya, hiyo ni kweli, na mzee anaenda nyumbani. Nikimwambia kipimo kilikuwa kibaya, mzee anabaki, lakini huo ni uongo, na kesho mtu mwingine ataketi kwenye kile kiti aue watu. Ilibidi nimuuzie meneja ukweli wote, lakini aununue mwenyewe. Mama alikuwa haambii mteja kwamba koti linamkaa. Alikuwa anamvika.

Nikamkuta ofisini, nikamwambia anifuate chumba cha mitambo. Nikaanza kugomba naye njiani, kwa Kijaluo, kuhusu shoka, kuhusu lori, kuhusu mambo yasiyo na maana. Akapandwa na hasira, akajibu kwa Kijaluo. Tukaingia chumbani tukipigizana kelele, na pale pale mlangoni nikageuka ghafla, nikapiga ukelele kama mtu aliyeona nyumba inaungua:

"*Ere pi? Ere pi?*" Maji yako wapi?

Mkono wake uliruka wenyewe. Kidole kikaenda moja kwa moja kwenye PI.

Boila inanguruma ng'ambo. Meneja akatazama kidole chake. Akasoma kibao. Alijua vizuri sana herufi hizo ni nini. Alizisoma chuoni na akafaulu. Lakini kidole kilikuwa Mjaluo kabla yeye hajawa meneja.

"Yawa," akasema.

"Hesabu ya kwanza," nikasema. "Subiri ya pili."

Nikaita mama wawili kutoka upande wa kupakia, mmoja mmoja, nikawauliza kwa Kijaluo maji ni yapi. Wa kwanza, PI. Wa pili, PI, tena akauliza mbona tunauliza vitu ambavyo vimeandikwa. Nikamwita Kamau, nikamuuliza kwa Kiswahili. Akasimama na nyusi yake moja, akatazama vyote vinne.

"Ya maji sijui, mimi si mtu wa boila. Lakini hii ya TI naiogopa."

"Kwa nini?" meneja akauliza.

"Kwetu Wakikuyu *ti* ni 'siyo'. Joto inapanda, hiyo kitu inaniambia siyo, siyo, siyo. Nimekuwa nikishangaa siyo nini."

Meneja akaketi kwenye kiti cha kuzunguka, akacheka mpaka akajifuta macho. Alipomaliza, alikuwa mtu mwingine. Naona alikuwa ameukumbuka ule waya aliotaka niuweke, na ukuta, na akina mama.

"Kwa hiyo ni nini? Chombo au mtu?"

"Ni kibao, Bwana Meneja."

"Kibao kinaponywa na nini?"

"Bati na nyundo. Leo leo."

"Fanya."

"Na Mzee?"

"Mzee yupi?"

"Mzee Ogada."

Akamtazama Ogada, aliyekuwa amesimama pembeni na kofia mkononi. "Kwani nani amesema habari ya Mzee Ogada?" akasema. "Mzee, vaa kofia, utashikwa na baridi."

Mwingine angeshukuru akaondoka. Lakini bei ikianza kushuka hauondoki dukani.

"Na paa," nikasema.

"Paa la nini?"

"La kutoka hapa mpaka kwa boila. Tarakimu ni nzuri, lakini kioo cha maji lazima kitazamwe kwa macho, na huyu mzee ana kifua."

"Tutafanya nusu, tuone."

"Nusu ya paa? Kwani mvua itanyesha nusu?"

Akainua mikono. Paa likaezekwa lote.

Alasiri hiyo tukakaa chini, mimi na Kamau na Ogada, na lile bati la alumini. Nilidhani hiyo ndiyo sehemu rahisi! MAJI, ndiyo, dakika tano. JOTO, sawa. Cha pampu nikaanza kuandika MAJI INAINGIA, nikasimamisha nyundo hewani: vibao viwili vyenye neno maji ni mtego uleule tuliotoka kuutegua. Nikaandika PAMPU. Kikabaki kile cha nguvu ya mvuke. Nikaandika PRESHA, nikakipigilia, nikarudi nyuma kukitazama kwa fahari.

"Presha ya nani?" Ogada akauliza.

"Ya boila, mzee."

"Nikimwambia mtu presha imepanda, atakimbia kwa boila ama ataniletea maji ya kunywa?"

Na kweli, mama mmoja alikuwa akipita na katoni, akaona PRESHA 78 mbele ya mzee anayetokwa na jasho. "Mzee, wewe acha chumvi," akamwambia, akaenda zake. Huku kwetu presha ni ugonjwa. Tukang'oa kibao, nikaandika MVUKE. Boila haikuzimika tena kwa kukosa maji mpaka Ogada anastaafu, na alistaafu kwa keki.

Sasa nimefika nilipotaka kufika. Kiwanda kinabadilisha paneli. Vile visanduku vyekundu vinaondoka, kila kitu kinahamia kwenye skrini, na wameniita kutoka Katito nikae na vijana wanaochora hizo skrini tuamue majina, kabla herufi za Kiingereza hazijarudi kwa mlango wa nyuma. Nina furaha hata silali mchana, na mchana ndio ulikuwa wakati wangu wa kulala. Lakini nimekwama. MVUKE halitoshi tena. Siku hizi kuna nguvu ya mvuke, nguvu ya upepo wa mashine ya kufunga katoni, na nguvu ya maji kwenye bomba. Vitatu vya aina moja, vinahitaji neno moja, na neno hilo sinalo.

Nimejaribu "shinikizo", ambalo vitabu vinalipenda. Nikamsomea mama anayeuza nyanya hapa sokoni: shinikizo limepanda. Akaniuliza ni mbunge gani anaambiwa ajiuzulu. Nimejaribu "kanieneo", neno la shuleni, safi kabisa, lina kani na lina eneo ndani yake. Nikamwandikia mwanafunzi mmoja wa Maseno, anasomea uhandisi. Akanijibu: "Mama, Kanieneo iko upande gani, ni karibu na Homa Bay?" Alifikiri ni mahali, kama Kanyaluo, kama Kano. Simlaumu. Hata mimi nikilisoma haraka naona barabara ya vumbi na shule ya msingi.

Anayetarajiwa kuketi mbele ya skrini hiyo ni binti kutoka Kano, na wa zamu ya pili ni mvulana wa Nyeri aliyekulia Kisumu. Nimewaona wote wawili. Ni wepesi, wanacheka haraka, na siku moja vitu vitatu vitalia kwa pamoja mbele yao na hawatakuwa na muda wa kutafsiri.

Kwa hiyo naomba neno. Liwe fupi, litoshe kwenye kisanduku cha herufi nane. Lisiwe ugonjwa, lisiwe siasa, lisiwe jina la kijiji cha mtu, na lisiwe maji kwa lugha yoyote inayozungumzwa kuzunguka ziwa hili. Na kabla hujaniletea, lijaribu kwanza: lipigie kelele mbele ya mtu mwenye njaa, aliyekasirika, anayefikiria mambo ya nyumbani kwao, kisha utazame kidole chake kimekwenda wapi. Ukishaona, njoo uniambie. Skrini inawashwa mwezi ujao, na mahali pa neno hilo bado pako wazi. Unashauri niandike nini?